Mgao usio na zamu

Leo nimelitoa jenereta stoo, nikamwaga petroli ya mwaka jana, nikaliwasha kwa robo saa. Lilikohoa mara tatu ndipo likashika. Ni Novemba, na hapa Fort Worth watu bado wanavaa kaptura, lakini tangu dhoruba ya theluji ya Februari 2021 mimi na hali ya hewa ya Texas hatuaminiani.

Umeme ulikatika usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 15. Taarifa zikasema ni mgao: mtazimiwa kidogo, kisha zamu ya wengine. Nikacheka gizani. Mgao? Mimi niliyesomea mtihani wa kidato cha nne kwa koroboi? Asubuhi, kimya. Jioni, kimya. Huo ulikuwa mgao usio na zamu. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zilikosa umeme, na kwa vile sehemu kubwa ya Texas ina gridi yake peke yake, majimbo jirani hayakuwa na njia ya kutuletea umeme wa kutosha.

Kilichonikera zaidi ni hita. Yetu ni ya gesi, na gesi ilikuwepo. Ila kinachowasha moto, na feni inayosukuma joto vyumbani, vyote vinataka umeme. Basi tumelipia gesi, tunatetemeka. Jumanne ilifika nyuzi 19 chini ya sifuri. Mimi mtoto wa Njombe, niliyezoea kuwatambia watu wa Dar kwa baridi yetu ya Juni, nilijifunga kanga mbili juu ya koti.

Usiku ule baba watoto akasema tuingize sebuleni jiko la mkaa la kuchomea nyama, dirisha tuliache wazi kidogo. Nikaona ni wazo zuri. Simu ilikuwa na chaji asilimia tisa. Nikampigia mama, kwao alfajiri, nimwambie tu kwamba tupo. Nikamtajia na jiko.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, umewasahau wale watoto wa nyumba ya chini?"

Sikuwa nimewasahau. Walilala na jiko la mkaa chumbani, Julai moja nikiwa darasa la tano. Asubuhi mlango ulivunjwa.

Jiko halikuingia. Tulilala wote watano kwenye godoro moja, mablanketi juu, hadi umeme uliporudi Jumatano usiku. Baadaye nikasoma kwamba wapo waliokufa kwa hewa ile ile ya sumu itokayo kwenye mkaa, kaboni monoksidi, isiyo na harufu, hapa hapa Texas: waliowasha magari gereji, waliowasha jenereta ndani. Hesabu ya serikali ya jimbo kwa dhoruba nzima ni vifo 246, wengi kwa baridi.

Jenereta tulinunua kiangazi kilichofuata. Kwetu jenereta la duka hunguruma chini ya dirisha na hakuna anayejali, upepo unapita kila tundu. Nyumba za huku zimezibwa. Langu linakaa futi 20 kutoka ukutani, bomba la moshi likitazama uani, na fundi ameweka swichi inayoitenga nyumba na laini ya mtaa, nisije nikamrushia umeme fundi aliye juu ya nguzo.

Mama akisikia tu habari za theluji Marekani, hata kama ni Boston, anapiga. Hasalimii.

"Jenereta mmeliweka wapi?"

"Nje, mama."

"Nje wapi?"