Lenin wa mbao, Lenin wa shaba: Sots Art kwa tulio karibu na New York

Kwa wenzetu mlioko New York na New Jersey: mnaweza kwenda Zimmerli, jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Rutgers mjini New Brunswick, bila kulipa kiingilio. Panda treni ya NJ Transit, njia ya Northeast Corridor, kutoka Penn Station. Safari ni kama saa moja, na ukishuka unatembea dakika chache tu. Humo umo mkusanyo wa Norton Dodge, mchumi Mmarekani aliyekwenda Urusi mara ya kwanza mwaka 1955 kutafiti mambo ya matrekta, akaishia kununua kazi za wasanii waliokataa kuimba wimbo wa serikali. Rutgers walikabidhiwa mkusanyo huo mwaka 1991. Kazi ni zaidi ya 20,000, kwa hiyo zinazotolewa ukumbini ni chache na hubadilishwa. Angalia tovuti yao kabla ya kukata tiketi, maana sanamu uliyoifuata inaweza kuwa imelala stoo.

Cha kutafuta humo ni Sots Art. Jina hilo walilibuni wasanii Komar na Melamid huko Moscow mwaka 1972, kwa kuoanisha uhalisia wa kijamaa, yaani mtindo rasmi wa sanaa ya Kisovieti, na sanaa ya pop. Hoja yao ilikuwa nyepesi: Marekani imejaa matangazo ya bidhaa, Urusi imejaa matangazo ya itikadi, basi ikiwa Mmarekani anachora mkebe wa supu, sisi tuchore bango la chama. Baadaye wengi wa wasanii hao walihama. Kosolapov alifika New York mwaka 1975, Komar na Melamid mwaka 1978, Leonid Sokov mwaka 1980. Huko ndiko Lenin alikokutanishwa na Coca-Cola na Mickey Mouse. Nadhani mzaha huo ulihitaji mhamiaji, mtu aliyechoshwa na mabango ya kwao na ambaye bado hajazoea ya ugenini.

Mbele ya sanamu, tazama kwanza imetengenezwa kwa kitu gani, ndipo utazame sura. Propaganda yenyewe ilipenda ukubwa na chuma. Sanamu ya Vera Mukhina ya mfanyakazi na mwanamke wa kolkhozi (shamba la ushirika la Kisovieti), iliyosimamishwa kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1937, ni ya mabati ya chuma cha pua yaliyochomelewa juu ya kiunzi, kimo chake mita 24 hivi. Mwanamume ameinua nyundo, mwanamke ameinua mundu. (Aliyekulia chini ya jembe na nyundo za CCM hahitaji kuelezwa ukoo wa alama hizo.) Kosolapov aliuchukua mkao huohuo akawapa Mickey na Minnie.

Sokov alikwenda upande mwingine: alikishusha kitu hadi kwenye kisu na gogo. Mwaka 1976 alichonga miwani ya mbao yenye matundu ya nyota badala ya vioo, akaiita mradi wa miwani kwa kila raia wa Kisovieti. Ukali wa kuchonga haukusuguliwa ukaisha, na hilo ni makusudi. Ni mkono wa vinyago vya kuchezea vya Bogorodskoye, vile vya dubu na mkulima wanaopiga nyundo kwa zamu ukisukuma vijiti viwili. Miwani ileile ingekuwa ya shaba inayong'aa, ingefaa kuwa zawadi ya mkurugenzi anayestaafu.

Hata hivyo, shaba nyeusi aliitumia pia. Katika kazi yake ya miaka ya 1980, Lenin wa kila uwanja amesimama uso kwa uso na yule mtu mwembamba wa mchongaji Giacometti. Kutupa sanamu za namna hii ni kazi ndefu. Mfano wa udongo hutolewa kalibu ya mpira wa silikoni. Ndani ya kalibu hupakwa nta ya milimita 4 hadi 6. Nta hiyo huwekewa vijiti vitakavyokuwa njia za shaba na hewa, kisha huchovywa kwenye uji wa seramiki na kunyunyiziwa mchanga mara 7 hadi 10, kila tabaka likikauka kwanza. Nta huyeyushwa itoke, ganda huokwa, na shaba humiminwa ikiwa na joto la nyuzi 1,100 hivi. Njia za hewa zikiwa chache, sanamu hutoka na matundu. Miguu ikiwa myembamba na ganda limepoa, shaba huganda kabla ya kufika kisiginoni.

Shaba ikipoa hunywea, kwa kawaida karibu asilimia 2. Kwa hiyo nakala iliyotolewa kalibu kutoka kwenye nakala huwa fupi na yenye sura iliyofifia. Ukiuziwa Lenin “wa asili” mnadani, pima kimo chake ukilinganishe na kinachojulikana. Kisha weka sumaku: shaba haivutwi. Ukikwaruza kidogo chini ya kitako na ukaona weupe, hiyo ni jasi iliyopakwa rangi.

Wengine huibadili sanamu yenyewe. Mwaka 2015, wakati sheria ya Ukraine ilipotaka alama za ukomunisti ziondolewe, Oleksandr Milov alimvika Lenin wa kiwanda kimoja cha Odesa kofia na joho la Darth Vader, yule mwovu wa filamu za Star Wars, akaweka ruta ya Wi-Fi kichwani. Lenin aliachwa ndani. Anayetaka kuiga njia hiyo kwa sanamu ya zege aache matundu ya kutolea maji chini ya joho, la sivyo unyevu utanaswa kati ya tabaka mbili, nondo zishike kutu na kuvimba, na zege lipasuke kuanzia ndani.