Kioo cha Nyuma Kutoka Gerezani

Mwezi Mei mwaka 2013, wakati mvua za masika zilikuwa bado hazijaisha katika milima ya Usambara, kioo cha nyuma cha gari letu kilivunjwa na jiwe lililorushwa na mashine ya kukata majani. Gari hilo lilikuwa Toyota Corolla ya aina ambayo mafundi wetu huiita 110, nami nilikuwa nimeliegesha kando ya uzio mjini Lushoto nikimsubiri mama atoke sokoni. Nilisikia kishindo kizito nyuma yangu, nikageuka, nikakiona kioo kikiwa bado mahali pake lakini kimekuwa cheupe chote, na kabla sijafungua mlango kikaanza kumwagika juu ya kiti cha nyuma. Jiwe lenyewe, nililoliokota baadaye kati ya vipande, halikuzidi ukubwa wa punje ya kunde.

Kijana aliyekuwa akifyeka alikuja mbio akitetemeka, akasema yuko tayari kukatwa mshahara. Mama, aliyekuwa amefika na kapu lake, ndiye aliyemjibu: "Mwanangu, mshahara wenyewe ni wa kulisha watoto. Nenda kamalize kazi yako, ila siku nyingine waombe watu wasogeze magari kwanza." Bima yangu ilikuwa ile ndogo, inayolipa hasara ya watu wengine tu, kwa hiyo gharama ikabaki kwetu. Hilo halikunisumbua sana. Kilichonisumbua ni kwamba mwishoni mwa mwezi uleule mama alitakiwa kuhudhuria kliniki ya macho mjini Moshi, na hakuwa mtu wa kupandishwa mabasi na kushushwa akiwa haoni vizuri anapokanyaga.

Usiku ule niliziba uwazi kwa nailoni nene na solotepu, na asubuhi nikampeleka mama kwa dada yake, safari fupi tu, ambayo ilitosha kunionyesha kwamba gari lile halikufaa kwenda mbali katika hali ile. Gari linapotembea, hewa iliyo nyuma yake hupungua mgandamizo, na mahali penye tundu moshi wa ekzosi hurudi ndani badala ya kubaki barabarani. Nailoni ilipoanza kuachia pembeni, mama alijifunika pua kwa kanga na kusema kwamba kichwa kinamgonga. Nilishusha vioo vyote vya milango. Tangu hapo nilikataa kumbeba mtu kiti cha nyuma hadi kioo kirudi, kwa sababu katika moshi ule mna monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, na anayeivuta huweza kuanza kwa kuumwa kichwa na kusikia usingizi tu.

Jirani mmoja, mtu mwema, alipendekeza nimwone fundi anayekata vioo vya madirisha ya nyumba, atupimie kipande cha kutuvusha. Nilimshukuru, lakini sikukubali. Kioo cha nyuma cha gari hutengenezwa kwa kupashwa moto unaopita nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupozwa ghafla kwa upepo mkali, hivyo uso wake hubaki umejikaza huku sehemu ya ndani ikiwa imevutika. Ndiyo maana hustahimili kishindo cha kawaida, lakini kikishinda nguvu zake hulegea chote mara moja na kuwa vipande vidogo visivyo na ncha kali. Kwa sababu hiyohiyo hakiwezi kukatwa wala kutobolewa baada ya kutoka kiwandani. Umbo lake na mpindo wake hukamilishwa kabla ya kupozwa. Kioo cha dirisha la nyumba huvunjika katika vipande virefu vyenye makali. Kukiweka kioo cha namna hiyo nyuma ya shingo ya mzazi wako kwa ajili ya kuokoa fedha kidogo ni jambo ambalo sikuweza hata kulijadili.

Lushoto hapakuwa na kioo tulichokihitaji, na kwa simu nilielezwa kwamba hata Tanga mjini ningelazimika kuagiza. Nikaamua kwenda mwenyewe Dar es Salaam, Gerezani, ambako maduka ya spea yamesongamana ubavuni mwa Kariakoo. Kioo kipya kilipatikana kwa kuagizwa, kwa bei iliyozidi mara mbili ya cha mtumba na kwa muda usiojulikana. Nikatafuta cha mtumba. Nilibeba namba ya chesisi iliyoandikwa kwenye karatasi, pamoja na vipimo nilivyovichukua kwa uzi pembe hadi pembe, maana Corolla zipo za buti na zipo zenye mlango mkubwa nyuma, na kioo cha moja hakiwezi kabisa kuingia kwenye nyingine.

Duka la kwanza lililokuwa nacho lilikuwa na kioo kizuri, kisafi, bila mkwaruzo. Muuzaji alipokigeuza, niliona pembeni namba ya usajili ya gari jingine imechorwa. Jijini wenye magari wengi huchora namba zao kwenye vioo na kwenye taa ili mwizi asipate soko kwa urahisi. Muuzaji aliniambia kwamba gari lenyewe lilipata ajali na mwenyewe akaliuza vipandevipande, nami sina sababu ya kumwita mwongo, kwani jambo hilo hutokea. Hata hivyo hakuwa na karatasi yoyote ya kulithibitisha, na shauri lake kwamba namba ingefunikwa kwa stika ndilo lililonifukuza. Huenda mahali fulani kulikuwa na mtu aliyeamka asubuhi akalikuta gari lake limefunuliwa, akaweka nailoni na solotepu kama nilivyoweka mimi. Nilitoka mikono mitupu.

Kioo tulichokinunua mwishowe nilikikuta katika duka la ndani zaidi, kimetoka Japani ndani ya kontena la spea, na muuzaji akanipa risiti bila kuombwa. Nilimwomba aniletee betri ya gari na nyaya mbili, nijaribu mistari ya joto, ile inayopitisha umeme kwenye kioo cha nyuma ili kuondoa ukungu. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, akasema, "Kaka, hapa Dar nani anawasha hiyo? Watu wanatafuta ubaridi." Nikamweleza natoka wapi. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni na Julai pumzi za abiria peke yake hutosha kukifanya kioo cha nyuma kiwe ukuta. Barabara ya kushukia Mombo kupitia Soni ina kona baada ya kona, korongo upande mmoja na mwamba upande wa pili, na dereva asiyeona kinachomfuata hawezi kujua lini ampishe mwenye haraka. Kwa watu wa milimani ile mistari myembamba ya rangi ya hudhurungi ni sehemu ya usalama sawa na breki.

Muuzaji akaleta betri. Tuliunganisha chanya upande mmoja na hasi upande wa pili, tukasubiri dakika chache, kisha nikapitisha kiganja taratibu juu ya kila mstari. Yote ilipata joto isipokuwa wa tatu kutoka juu. Muuzaji mwenyewe alipogusa na kuthibitisha, alipunguza bei bila mabishano, na akanielekeza duka la vifaa vya umeme linalouza rangi yenye chembe za fedha, ambayo hutumika kuziba mikato ya namna hiyo. Nilimheshimu sana yule kijana.

Kusafirisha kioo kwa basi kulihitaji akili. Kioo cha aina hii kina nguvu usoni lakini udhaifu wake uko kwenye kingo, na pigo dogo la chuma pembeni linaweza kukimaliza. Tulifunga kingo zote kwa mipira ya ndani ya baiskeli iliyochanwa, tukakizungushia blanketi, kisha magodoro mawili membamba ya sponji, na kamba juu yake. Kondakta alitaka kukilaza kwenye buti la basi chini ya magunia. Nikamsihi kisimame wima nyuma ya viti vya mwisho, nami nikae hapohapo. Alikubali baada ya kunilipisha nauli ya mtu mzima kwa ajili ya kioo, nikalipa kwa moyo mkunjufu. Tulipita Chalinze, tukapita Segera, na pale Korogwe nikakishusha na kukiacha kwa shangazi, ndani ya chumba chenye kufuli.

Sikukipandisha Lushoto kwa sababu fundi alikuwa Korogwe, na pia kwa sababu ya gundi. Vioo hivi hubandikwa kwenye bodi kwa gundi nyeusi nzito ambayo hukauka kwa kunywa unyevu wa hewa, na baridi huichelewesha. Fundi wangu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniambia kwenye simu, "Mwalimu, lishushe gari huku. Huko kwenu tutasubiri mpaka tuote mvi." Siku mbili baadaye nilishuka peke yangu, vioo vya milango vikiwa wazi njia nzima.

Kazi ilianza asubuhi chini ya mwembe, na karibu nusu ya muda wote ilikwenda katika kusafisha. Vipande vilikuwa vimeingia kila mahali: chini ya zulia, ndani ya spika za nyuma, na kwenye makasha ya mikanda ya usalama, ambamo chembe moja tu inaweza kuuzuia mkanda kujikaza siku ya ajali. Mzee aliivuta mikanda yote hadi mwisho na kuipuliza kwa upepo wa kompresa mara kwa mara hadi pakawa hapana kinachotoka.

Baada ya hapo aligeukia gundi ya zamani iliyobaki kwenye fremu. Nilidhani ataing'oa yote. Aliikata kwa kisu kipana akaacha tabaka jembamba la unene wa milimita moja hivi, lililolala sawasawa kuzunguka uwazi wote, akanieleza kwamba gundi mpya hushika vizuri juu ya ile ya zamani iliyo safi kuliko juu ya rangi ya gari, na kwamba anayekwangua hadi kwenye bati hukaribisha kutu, na kutu hiyo ndiyo itakayovujisha maji miaka miwili baadaye. Mahali pawili kisu kilipogusa bati alipaka praima, yaani rangi ya kwanza inayotangulia gundi, na kusubiri ikauke kabla ya kuendelea. Nimewaona mafundi wengi wenye haraka. Huyu alikuwa akijibu maswali yangu bila kuinua macho kutoka kwenye kazi.

Kioo chenyewe kilifutwa kwa spiriti, kisha ukingo wake mweusi ukapakwa praima. Ukingo ule si urembo. Huikinga gundi dhidi ya jua, ambalo huiharibu polepole. Tulikijaribisha kwanza kikiwa kikavu, tukaweka alama za utepe juu ya kioo na juu ya bodi ili kitakaporudi kirudi palepale. Ndipo mzee akaikata ncha ya bomba la gundi kwa umbo la herufi V na kuizungusha kwenye fremu kwa mkono mmoja usiosimama, mstari mrefu uliochongoka juu, hadi ncha ikakutana na mwanzo wake. Kuanzia hapo hapakuwa na nafasi ya mazungumzo, kwa sababu gundi huanza kufanya ngozi ndani ya dakika chache. Mimi na kijana wake tulikinyanyua kioo kwa vishikio vya mpira vinavyonyonya, tukakilaza kwa kufuata alama za utepe, naye akakibonyeza kwa viganja kutoka katikati kwenda pembeni.

Alitukataza kufunga milango kwa nguvu, akaacha vioo viwili vya mbele vimeshushwa kidogo, kwa kuwa mlango ukipigwa ndani ya gari lililofungwa kabisa hewa husukuma kioo kibichi kutoka mahali pake. Gari lililala pale chini ya mwembe, nami nikalala kwa shangazi. Asubuhi mzee alimwaga maji kwa ndoo juu ya paa, kidogo kidogo, huku kijana wake akiwa ndani ya buti na tochi. Hakuna tone lililoingia.

Mstari wa tatu ulishughulikiwa mwisho. Aliwasha swichi, akapitisha ncha ya mita ya umeme juu ya mstari ule kutokea upande unaoingiza umeme. Kipimo kilibaki kwenye volti 12 hadi karibu na pembe ya kulia, kisha kikaanguka hadi sifuri ghafla. Mkato ulikuwa hapo, mdogo kiasi kwamba jicho halikuuona. Aliweka utepe juu na chini yake, akapaka ile rangi yenye fedha mara mbili, akaiacha ikauke.

Mama alifika Moshi siku yake, akiwa amekaa kiti cha nyuma kama anavyopenda. Baridi ya Julai ilipokuja, mistari yote ilisafisha ukungu, pamoja na ule wa tatu, ambao uliendelea kufanya kazi hadi nilipoliuza gari kwa mtu wa Mlalo. Nilimwonyesha mahali penye ile rangi, nikamwomba asipasugue kwa kitambaa kikavu wala asibandike stika juu yake, naye akatia alama ndogo ya kalamu upande wa ndani wa ukingo ili asipasahau.