Paka wa uvunguni: kabla hujamchukua paka mzima mwenye haya

Kwenye vituo vya wanyama waliotelekezwa, wageni wengi hunyoosha moja kwa moja kwa watoto wa paka. Paka wazima wenye woga hubaki nyuma, wamejikunyata kwenye kona ya kizimba, wanakukodolea macho kama msafiri aliyefika dirisha la uhamiaji bila viza. Mimi nilimchukua mmoja wa hao, na mtu anayeishi peke yake ughaibuni na kufanya kazi za zamu ningemshauri afanye vivyo hivyo. Mtoto wa paka anataka mwenzake wa kucheza kutwa. Paka mzima tabia yake inajulikana, mara nyingi ameshahasiwa na kuchanjwa, na kulala saa 12 hadi 16 kwa siku kwake ni kawaida.

Lakini kabla macho yake hayajakulainisha, soma mkataba wa pango. Kama haujataja wanyama, omba ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi; ya mdomo huyeyuka siku unapodai amana yako. Kisha piga hesabu. Paka anayetunzwa ndani huweza kuishi miaka 12 hadi 18, wengine wanapita 20, kwa hiyo ukimchukua wa miaka 5 huenda ukahama naye nyumba kadhaa. Hakikisha chipu yake ya utambulisho iliyo chini ya ngozi, yenye namba ya tarakimu 15, imesajiliwa kwa jina lako na namba yako ya sasa. Sisi wa kuhamahama hubadili namba tukasahau.

Mwandalie chumba kimoja tu: chakula na maji upande huu, sanduku la mchanga upande ule, na mahali pa kujificha. Boksi la kawaida linatosha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht walionyesha mwaka 2014 kwamba paka wapya kituoni waliopewa boksi walitulia haraka kuliko wasiopewa. Maua ya lili yatoke nyumbani kabisa, maana hata chavua yake huharibu figo za paka. Vidonge vya paracetamol visizagae mezani, na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin isimguse.

Akifika ataingia uvunguni. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame; kwa paka huyu, usiiname. Usimvute, usimmulike tochi. Kaa sakafuni umempa ubavu, soma meseji zako kwa sauti ya chini, kisha ondoka. Akichungulia na kukutazama, fumba macho polepole, yafumbue. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex wa mwaka 2020 ulikuta paka humsogelea zaidi mtu anayefanya hivyo. Wangu alikuwa anakula usiku tu. Asubuhi bakuli tupu na mchanga uliofukuliwa ndivyo vilivyonipa habari zake. Rafiki zangu walikuwa wakiuliza kama kweli kuna paka humu au nimenunua mkia.

Kituoni watakutajia siku 3 za hofu, wiki 3 za kuzoea ratiba, miezi 3 ya kujiona yuko kwake. Ni makadirio, wengine huchukua mwaka. Kisichosubiri ni kula: akimaliza siku nzima bila kugusa chakula, mpigie daktari wa mifugo, hasa kama ni mnene, kwani mafuta hujaa kwenye ini. Na dume anayejikamua mchangani bila kutoa mkojo ni dharura ya saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane.

Halafu kuna jambo linalotuhusu zaidi sisi tulio mbali na kwetu: simu ya msiba usiku, na kesho yake uko uwanja wa ndege. Nani ana ufunguo? Paka mwoga akihamishiwa kwa rafiki anaanza upya, heri mtu aje kwake mara mbili kwa siku. Tafuta watu wawili, tena wasiwe wa ukoo mmoja, maana msiba mmoja unaweza kuwasafirisha wote. Waachie pesa za dharura, namba ya daktari, kadi ya chanjo na idhini ya matibabu uliyoisaini. Na waambie wasimtafute: waangalie chakula kilichopungua, wasafishe mchanga, wafunge mlango.