Kabla ya kujaza h-indeksi, safisha rekodi ya machapisho yako

Siku hizi fomu ya kuomba kupandishwa cheo chuoni, au ya kuomba fedha za utafiti, haikosi mahali pa kujaza h-indeksi, kipimo kinachotokana na idadi ya makala zako na mara ambazo wengine wamezinukuu. Mtafiti wa afya wa Mbeya au mwanabaiolojia wa Iringa anafungua Google Scholar, anachukua namba anayoikuta na kuijaza. Mara nyingi namba hiyo inampunja. Makala zake zimesajiliwa kwa majina mawili matatu tofauti, nyingine zimebandikwa kwa mtu mwingine wa jina hilohilo, na za zamani hazimo kabisa. Tuanze na hesabu yenyewe, maana wengi wanaijaza bila kujua inavyopatikana.

Kipimo hiki kilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Panga makala zako kuanzia iliyonukuliwa zaidi, kisha shuka ukizipa namba 1, 2, 3 na kuendelea. Makala ya mwisho ambayo nukuu zake hazijapungua chini ya namba ya nafasi yake ndiyo inayokupa h. Chukua mtafiti mwenye makala 10 zenye nukuu 48, 21, 13, 9, 6, 6, 4, 2, 1 na 0. Makala ya sita ina nukuu 6, ya saba ina 4 tu. H yake ni 6. Makala zenye nukuu 10 au zaidi ni tatu, hivyo i10-indeksi, ambayo Google Scholar huiweka chini ya h, ni 3. Ili afike 7 anahitaji nukuu 5 tu, zikiangukia panapotakiwa: moja kwa makala ya tano, moja kwa ya sita, tatu kwa ya saba. Ile yenye 48, hata ikifika 480, haisogezi h. Sasa tuseme nukuu hizo tano tayari zipo, ila zimekaa kwenye nakala za pili za makala hizohizo, zilizoingizwa na kosa la herufi kwenye kichwa. Kuziunganisha tu kunampandisha.

Chanzo kikubwa cha mtawanyiko ni majina. Hifadhidata za kimataifa zinategemea mtu awe na jina lake na jina la ukoo, basi. Sisi tuna jina letu, la baba, na la babu au ukoo, na jarida moja likichukua la baba kama la ukoo, tayari umekuwa watu wawili. Tena huku Nyanda za Juu Kusini jina moja la ukoo hubebwa na watu wengi: akina Sanga, Mwaipopo, Mwakalinga, Kalinga. "Sanga A." anaweza kuwa daktari wa kifua kikuu, mtaalamu wa magonjwa ya maharage na mwalimu wa fizikia kwa wakati mmoja. Mwenye jina lenye ng' ana kazi ya ziada, kwa sababu ile alama huandikwa kwa herufi za kompyuta za aina zaidi ya moja, na mifumo mingine huitupa kabisa. Dada aliyechapisha kabla ya kuolewa na baadaye akatumia jina la mume hugawanyika hivyohivyo. Chagua umbo moja la jina (mimi napendelea jina la kwanza kwa kirefu, herufi moja ya katikati, kisha ukoo) na ulitumie kwenye kila makala kuanzia sasa.

Kwa makala zilizokwishatoka, dawa ni ORCID. Ni namba ya bure ya tarakimu 16 inayomtambulisha mtafiti mmoja tu, ilianza kutolewa mwaka 2012. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na 15 zilizotangulia ili kunasa makosa ya kunakili, ndiyo maana wengine wanamalizia na X. Usiifute ukidhani imekosewa. Jisajili kwa barua pepe mbili, ya kazini na ya binafsi. Ukihama taasisi na ile ya kazini ikafungwa, bila ya binafsi utashindwa kuingia, utafungua akaunti nyingine, na utakuwa umejigawa tena. Kwenye sehemu ya majina mengine andika maumbo yote uliyowahi kuchapishia, pamoja na lile lililokosewa. Kisha leta makala kwa kuunganisha na mifumo ya kumbukumbu za machapisho kama Crossref, Scopus au Europe PMC badala ya kuziandika kwa mkono. Zikija kwa njia hiyo kila moja huja na DOI yake (namba ya kudumu ya makala), na DOI ndiyo mifumo mingine inayoitambua.

Hapa kuna jambo linalowaumiza sana watu wetu. Crossref inaweza kuiongezea ORCID yako makala mpya yenyewe, lakini kwa wale waandishi tu ambao namba zao zilipelekwa na jarida, na majarida mengi humdai namba mwandishi wa mawasiliano (anayewasiliana na jarida kwa niaba ya wenzake) peke yake. Utafiti wa Mbeya mara nyingi hufanywa na washirika wa nje. Ukiwa mwandishi wa nne na mwandishi wa mawasiliano yuko Munich au London, mtumie namba yako kabla makala haijawasilishwa, na umwombe akuhakikishie kuwa ameiingiza. Makala ikishachapishwa, kurekebisha hilo kunamtegemea mchapishaji, na wachapishaji hawana haraka. Ombi la kwanza la ruhusa kutoka Crossref huja kwenye kisanduku cha ujumbe cha ORCID. Likubali, vinginevyo hakuna kitakachoingia.

Google Scholar ina kasoro ya upande wa pili: hukuongezea kupita kiasi. Ukifungua wasifu, thibitisha barua pepe ya taasisi, na kwenye mipangilio chagua kuulizwa kabla makala haijaongezwa. Ukiiacha iongeze yenyewe, mwenye jina la Sanga ataletewa makala za wenzake, na mjumbe wa kamati akiona makala ya fizikia kwenye orodha ya mkunga, ataitilia shaka orodha nzima. Nakala mbili za makala moja ziweke tiki zote, bofya kitufe cha kuunganisha, kisha chagua ile yenye jarida, toleo na kurasa sahihi. Fahamu pia kwamba Scholar huhesabu nukuu kutoka kwenye tasnifu, ripoti na makala tangulizi (zinazowekwa mtandaoni kabla ya kupitiwa na jarida), hivyo namba yake karibu kila mara huwa kubwa kuliko ya Scopus. Zote mbili ni halali, ila usichukue nukuu za huku na h ya kule.

Scopus, iliyoanzishwa na Elsevier mwaka 2004, humpa kila mwandishi namba kwa kukisia kutokana na jina, taasisi na fani. Ukibadili taasisi na fani kwa pamoja, huenda ikakuona mtu mpya. Kujitafuta na kuomba namba zako ziunganishwe ni bure hata kama chuo chenu hakilipii. Makala iliyo kwenye jarida linalopatikana AJOL (tovuti ya majarida ya Afrika) lakini halimo Scopus haitahesabiwa huko hata ufanyeje, kwa hiyo usipoteze muda kuiombea.

Jina la taasisi nalo hutawanya. Kituo cha utafiti wa tiba cha Mbeya kimeandikwa kama Mbeya Medical Research Programme, baadaye NIMR-Mbeya Medical Research Centre, na kwa vifupisho kadhaa. Hospitali ya rufaa imeandikwa mara ya rufaa, mara ya kanda. Anayetafuta kazi za Mbeya nzima aandike kwenye PubMed, hifadhidata ya makala za tiba na baiolojia, hivi: Mbeya[ad], yaani Mbeya kwenye anwani. Lakini kabla ya 2014 PubMed kwa kawaida iliweka anwani ya mwandishi wa kwanza tu, hivyo mtu wa Mbeya aliyekuwa wa tatu mwaka 2009 hatatokea. Mtafute kwa jina na [au], alama ya mwandishi. Na wale ambao makala za majaribio makubwa ya dawa huwataja kama wachunguzi chini ya jina la kundi, watafutwe kwa [ir]. PubMed haiwaweki kwenye orodha ya waandishi, na usiwahesabu hivyo kwenye CV.

Kwa baiolojia kuna tatizo ambalo kusafisha rekodi hakulitibu. Kipunji, kima wa misitu ya Rungwe, Livingstone na Udzungwa, alitangazwa kwenye jarida la Science mwaka 2005 kwa jina la Lophocebus kipunji. Baadaye kima mmoja alikutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima Rungwe. Mwili wake ukatoa vielelezo na vinasaba, na mwaka 2006 akahamishiwa kwenye jenasi mpya, Rungwecebus, kwenye jarida hilohilo. Anayetafuta kwa jina moja anakosa sehemu ya maandishi. Ukiandika juu ya spishi iliyobadilishwa jina, weka majina yote mawili kwenye maneno muhimu. Zaidi ya hapo, watu wengi huandika jina la spishi bila kuiweka makala iliyoielezea kwenye marejeo, na kazi hiyo ya msingi haipati nukuu hata moja kwa matumizi hayo. Kumlinganisha mtaalamu wa uainishaji wa mimea wa Kitulo na mtafiti wa chanjo ya VVU kwa h ni kumdhulumu wa kwanza, na kamati inayofanya hivyo inahitaji kuambiwa.

Kipimo cha athari cha jarida (impact factor) ni kitu kingine kabisa. Cha mwaka 2023 ni nukuu zilizopatikana mwaka huo kwa makala za 2021 na 2022, kugawanya kwa idadi ya makala hizo. Ni wastani wa jarida. Makala yako inaweza kukaa humo bila kunukuliwa milele. Majarida ya kitapeli hubandika vipimo vya kubuni vyenye majina yanayofanana na hiki, kwa hiyo hakiki jarida kwenye DOAJ (orodha ya majarida yanayosomwa bure) au orodha ya Scopus yenyewe, usiamini nembo iliyo kwenye ukurasa wao. Kuhusu ada ya kuchapisha, omba kusamehewa ada wakati wa kuwasilisha, kwa kuwa majarida mengi hukataa ombi linalokuja baada ya makala kukubaliwa. Benki ya Dunia iliiweka Tanzania kwenye kundi la kipato cha kati cha chini mwaka 2020, hivyo maelekezo ya zamani yanayosema tunasamehewa ada yote yahakikiwe kwenye tovuti ya jarida kabla hujaanza.

Unapojaza fomu, andika namba pamoja na chanzo na tarehe: "Nukuu 110, h-indeksi 6, Scopus", kisha siku uliyoitazama. Andika pia idadi ya nukuu ukiondoa zile za kujinukuu mwenyewe. Scopus inakuruhusu kuziondoa. Halafu fungua orodha ya waliokunukuu kwenye makala zako tatu za juu na usome wamesema nini. Wengine wanakutaja kwenye utangulizi tu, pamoja na wengine kumi. Mmoja ametumia kipimo chako cha dozi au njia yako ya kuhesabu wagonjwa, na huyo ndiye wa kumweleza kwa sentensi mbili kwenye maombi. Mwongozo wa Wizara ya Afya au wa WHO ukitumia matokeo yako, hifadhi faili lenyewe na uandike ukurasa na namba ya rejeo, maana miongozo mingi haihesabiwi na Scopus, na kamati haitaiona usipoiambatisha.