Daftari lisilosahihishwa: nilivyoisoma Kinjeketile na wanafunzi wangu Lindi

Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Lindi, na kwa muda mrefu mateso katika fasihi yalikuwa kwangu kipengele cha kusahihisha tu. Mwanafunzi anaandika "dhamira ya kwanza ni ukandamizaji", anatoa mfano, anapata alama zake, tunasonga mbele. Ukimuuliza ni nani hasa aliyeumia, na aliumiaje, anarudi kupekua noti.

Tulipofika kwenye Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, nikaamua kujaribu njia nyingine. Mwandishi mwenyewe ni mzaliwa wa Lindi. Vita hivyo vilianza Julai 1905 kwenye vilima vya Umatumbi, huko Kilwa, watu walipong'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu. Darasani kwangu wamo Wamatumbi, Wangindo na Wamwera. Ingekuwa ajabu kuisoma kama habari za ng'ambo.

Kila mmoja alileta daftari dogo. Tunasoma onyesho kwa sauti, wakipokezana uhusika, kisha kimya, watu wanaandika kwa dakika kumi. Swali ni lilelile siku zote: nani anaumia hapa, na nani anayaona maumivu yake? Sisahihishi tahajia, sitoi alama. Na lipo sharti moja lililobeba kazi yote: ukurasa uliokunjwa kona hausomwi na mtu, hata mimi. Nimewaona walimu wanaowataka watoto wasimulie misiba yao mbele ya wenzao, eti ndiyo kuielewa fasihi. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtoto aliyefiwa hana deni la kutuonyesha machozi. Anayetaka kusema yake kwa kujificha nyuma ya mhusika, aseme. Anayetaka kunyamaza, akunje.

Mwanzoni maandishi yalikuwa makavu. "Wananchi waliteseka sana kwa sababu ya Wajerumani." Basi. Tukarudi kwenye kurasa za kwanza, pale wanawake wanapozungumzia dhiki ya nyumbani huku waume zao wako kwenye shamba la mzungu, na mnyapara anavyomwandama Chausiku, binti wa Kitunda. Kijana mmoja wa viti vya nyuma, wa hawa ambao ukiwaita wanaitika kwa kunyanyua nyusi, akasoma alichoandika: "Kitunda ana nguvu ya kulima shamba lisilo lake, hana nguvu ya kumkinga mwanawe. Usiku anamwambia nini mkewe?"

Mabinti wakadakia hapohapo. Mbona mnamhurumia baba, Chausiku mwenyewe kaulizwa na nani? Ubishi ule ulikula kipindi kizima na nusu ya kilichofuata, nami sikuuzuia.

Majadiliano tunayafanya katika vikundi vya watano au sita, na kila anayeanza anasoma alichoandika kabla ya kutoa maoni. Msemaji sana hateki kikundi kwa domo tupu, na mwoga ana kitu mkononi. Darasa zima kwa pamoja halifai. Watu sabini hawajadili, wanashangilia.

Mwisho wa tamthiliya ndio uliotugawa. Kinjeketile, mganga aliyewapa watu maji ya dawa yaliyoaminiwa kuzuia risasi, amekamatwa, Kitunda anamsihi akane, aseme maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa sababu watoto wa kesho wataambiwa kuwa walichopigania wazee wao kilikuwa uongo. "Mwalimu, kwake ni rahisi kukataa," binti mmoja akasema, "waliokufa hawapo wa kumjibu." Jirani yake, ambaye kwao ni Kilwa, akasema kwao bado inasimuliwa njaa iliyokuja baada ya Wajerumani kuchoma vyakula na mashamba, na hajasikia mtu akiwalaumu wazee. Hawakupatana, na sikuwapatanisha.

Hapo ilibidi niitenge tamthiliya na historia. Mganga halisi, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, alinyongwa Mohoro Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Yule wa Hussein anaishi hadi kushindwa. Mwandishi alieleza mwenyewe kwamba wake ni kiumbe wa kubuni. Nilidhani maelezo hayo yatazima moto, kumbe wakauliza: kwa nini basi alimwacha hai? Ayaone maiti, mmoja akaandika. Sijapata jibu zuri kuliko hilo.

Mwenzangu ofisini hakupendezwa. "Mtihani hauulizi moyo wako unasemaje." Ana haki, maana msimu wa korosho ukifika mahudhurio yanashuka na mada zinabaki. Nikampa insha zao asome. Bado wanaandika "ukandamizaji", ila sasa nyuma yake anakuja mtu mwenye jina, onyesho na kauli yake. Alizirudisha bila neno, kisha akaniuliza daftari zile zinanunuliwa wapi.

Kwa anayetaka kujaribu: waambie mapema kwamba ukisoma jambo la hatari kwa mtoto hutalinyamazia, utamwita yeye kwanza, kisha mwalimu wa malezi. Usilitoe sharti hili baada ya jambo kutokea. Na usianze na ushairi. Sisi tunauingia muhula ujao, nao wameshaanza kulalamika.