Kuushikilia Mgongo kwa Miguu Mifupi

Kila anayeanza jujitsu, au mieleka yoyote ya kukabana chini, huambiwa mapema kwamba hakuna mkao wenye faida kuliko kuwa nyuma ya mpinzani, kwa kuwa yeye hakuoni, nguvu za mikono yake zimeelekea kusiko na mtu, nawe shingo yake unayo mbele ya kifua chako. Kinachochelewa kuelezwa ni namna ya kubaki huko pindi mwenzako anapoanza kujinasua. Mikono ndiyo inayopiga kabari, lakini miguu ndiyo inayomzuia asigeuke, na kwa mtu mwenye miguu mifupi na mapaja mazito kama mimi, uchaguzi wa namna ya kuitumia miguu hiyo si mpana kama unavyoonyeshwa kwenye video nyingi. Naeleza hapa njia niliyoipata, nikiamini kwamba yupo mwingine mwenye umbo kama langu anayehangaika na jambo hilohilo.

Tunafanyia mazoezi Mtwara mjini, upande wa Shangani, kwenye ukumbi wenye magodoro yaliyotandikwa turubai juu yake. Wengi wetu hatuna kimono, yaani koti zito la jujitsu, hivyo tunakabana kwa fulana na kaptura, na jambo hilo lina uzito katika habari hii, kwa sababu vazi lenye ukosi humpa aliye nyuma kitu cha kushika hata miguu yake ikilegea, ilhali mwili wenye jasho haumpi chochote. Kuanzia Novemba, joto la pwani ya kusini likichanganyika na unyevu wa bahari kabla mvua hazijakolea, tunateleza tangu raundi ya kwanza. Isitoshe, baadhi ya wenzangu ni makuli wa bandarini, na msimu wa korosho unapopamba moto hushinda wakibeba magunia. Ukimkumbatia mmoja wao kwa nyuma unahisi mbavu pana na kiuno kisichosogezwa kirahisi. Mwenzangu ninayekabana naye mara nyingi ni wa kundi hilo, na karibu yote nitakayoyaeleza niliyapata mgongoni mwake.

Kwanza mikono, kwa ufupi, kwa sababu habari ya miguu haieleweki bila hiyo. Tunatumia mshiko wa mkanda: mkono mmoja unapita juu ya bega la mpinzani, wa pili unapita chini ya kwapa lake la upande wa pili, na viganja vinakutana kifuani pake. Mkono wa juu ya bega ndio wa kabari, kwa hiyo ukumbini kwetu huuita upande ule upande wa kabari, na wa pili upande wa kwapa. Ukilala naye ubavu kwenye upande wa kabari, kichwa chake kimenaswa kati ya kichwa chako na mkono wako, na kugeuka kwake ni kwa shida. Ukilala upande wa kwapa, hakuna kinachokizuia kichwa chake, hivyo anaweza kuteremsha mabega mpaka yaguse godoro, na mabega yakishagusa godoro, mgongo umeshaponyoka. Kwa hiyo kabla sijauliza miguu yangu ifanye nini, najiuliza nimelala upande upi na ni mguu upi ulio chini.

Vijana warefu hupenda pembetatu ya mwili. Muundi wa mguu mmoja unapita juu ya tumbo la mpinzani, kifundo chake kinaingia nyuma ya goti la mguu wa pili, na kiuno chote kinabanwa. Ni kifungo kizuri: kinapunguza pumzi, hakichoshi kukishikilia, na mpinzani hawezi kukibandua kwa mkono mmoja. Kina masharti yake vilevile. Fundo lenyewe, yaani pale kifundo kilipojificha nyuma ya goti, linapaswa kuwa upande wa juu mnapolala ubavu, kwa sababu mpinzani akiligeukia na kulilalia, au akipitisha mguu wake juu ya unyayo wako kisha akasukuma kiuno mbele, atakayegonga godoro kukubali kushindwa ni wewe uliye nyuma. Katika mashindano yanayofuata kanuni za IBJJF, shirikisho la kimataifa la jujitsu ya Kibrazili, pembetatu haipewi pointi 4 za mgongo. Pointi hizo zinataka visigino vyote viwili viwe ndani ya mapaja ya mpinzani bila miguu kupishana, na mkao udumu sekunde 3. ADCC, mashindano makubwa ya kukabana bila kimono, wao huikubali, na mgongo kwao una pointi 3.

Kwa kiuno cha yule kuli, kifundo changu hakifiki nyuma ya goti la pili mpaka nijivute upande na kuukunja mguu kwa nguvu, na kujivuta huko huacha mwanya kati ya nyonga zangu na makalio yake, mwanya ambao ndio anaoutafuta. Goti nalo husokotwa kwa namna isiyo njema. Basi pembetatu nimeiweka kwa ajili ya watu wembamba peke yao, na sioni kwamba nimepungukiwa. Marcelo Garcia, mcheza jujitsu wa Brazil ambaye si mtu mrefu, alitwaa ubingwa wa ADCC katika uzito wa chini ya kilo 77 mwaka 2003, 2005, 2007 na 2011, na sifa yake kubwa ilikuwa kuufikia mgongo wa mtu na kummalizia hapo kwa kabari. Nilipomtazama kwa makini nilipata moyo kwamba urefu wa miguu hauamui kila kitu.

Nikajikita kwenye ndoano, yaani visigino viwili ndani ya mapaja. Wengi huziweka na kuziacha zikining'inia, wakidhani kwamba kisigino kikishaingia kazi imekwisha. Mimi niligundua kwamba kisigino ni sehemu ndogo tu ya ndoano. Kazi kubwa inafanywa na magoti, ambayo hubana nyonga za mpinzani kutoka pande zote mbili, pamoja na nyonga zangu mwenyewe, ambazo lazima ziwe zimegandamana na makalio yake bila nafasi ya kupitisha kiganja. Vidole vya miguu navivuta juu kuelekea kwenye muundi, wayo ukawa umekakamaa, kwa sababu wayo uliolegea hutolewa kwa kidole kimoja. Mtoto aliyebebwa kwa mbeleko hambani mama yake kwa nguvu: magoti yake yamekunjwa na kukumbatia kiuno, na mama akiinama naye huinama, akigeuka naye hugeuka. Nilipoacha kung'ang'ania na kuanza kufuata kiuno cha mwenzangu hivyo, jasho halikuwa tena kikwazo kikubwa, kwa maana nilikuwa sishindani na ngozi yake bali na mifupa ya nyonga yake, ambayo haitelezi.

Kuna kishawishi cha kupishanisha vifundo mbele ya tumbo la mpinzani pale unapohisi anaponyoka. Kisifuatwe. Akiweka mguu wake mmoja juu ya vifundo vilivyopishana, akaubana kwa mguu wa pili na kuinua kiuno, kifundo cha juu kinavunjika au unagonga. Walimu wa judo nao hukemea jambo linalokaribiana na hilo, kwani kanuni zao zinakataza kubana kiwiliwili cha mtu kwa miguu iliyopishana.

Sasa nije kwenye jambo lililonichukua muda mrefu kuliko yote, nalo ni ndoano ya chini. Tuseme nimelala ubavu wa kulia, upande wa kabari, na mguu wangu wa kulia uko chini. Kuli yule hahangaiki na mguu wa juu hata kidogo. Anaunyoosha mguu wake wa kulia, anainua kiuno, anateremsha mkono mmoja kusukuma kisigino changu, kisha anavusha makalio mpaka yatue godoroni nje ya mguu wangu. Kila alichokuwa akikifanya baada ya hapo, ama kunigeukia ama kukaa juu yangu, kilianzia kwenye hatua ile. Niliamua basi kuitazama hatua yenyewe, na nikaona kwamba ina gharama kwake mara mbili: mkono unaosukuma kisigino umeiacha shingo na mlinzi mmoja tu, na kiuno kinapoinuka hakina uzito kwa kitambo kifupi.

Kwa gharama ya kwanza, dawa ni kupiga kabari papo hapo, bila kuihangaikia ndoano. Mara nyingi mkono hurudi shingoni mbio, na kisigino changu kinabaki kilipokuwa. Kwa gharama ya pili, nilijizoeza kuutoa mguu wa chini mimi mwenyewe kabla hajautoa yeye. Nauchomoa, naukunja, na kuliingiza goti nyuma ya paja lake huku muundi ukilala chini ya makalio yake, ili anapoteremsha kiuno akute kizuizi badala ya godoro. Ndoano ya juu inabaki ndani na inavuta, goti la chini linasukuma, na kwa nguvu hizo mbili zinazopingana kiuno chake hakishuki. Kutoka hapo nambingirisha upande wa pili kwa kifua, na mguu uliokuwa chini, ambao sasa uko juu na hauna uzito wowote juu yake, unarudi ndani ya paja bila kipingamizi. Mbingirisho huo unatupeleka upande wa kwapa, ambao nimesema ni dhaifu, kwa hiyo sikai huko. Nabadilisha mikono au namrudisha upande wa kabari mara tu ndoano zinapotulia.

Njia nyingine, ninayoitumia goti linapochelewa, ni kufunga pembetatu kwenye paja moja badala ya kiuno. Hapa ufupi wa miguu hauna madhara, kwa sababu paja la mtu, hata la kuli, ni jembamba kuliko kiuno chake. Miguu yangu yote miwili inalifunga paja lake la juu, kifundo nyuma ya goti, na nyonga yake upande ule haigeuki tena. Mkao huu haunipi pointi, lakini unanipa muda wa kupumua na kurekebisha mikono, na aliyefungwa hivyo huchoka haraka akijaribu kutambaa.

Mikono ikishatulia, mguu wa juu unaweza kufanya kazi ambayo sikuitarajia, nayo ni kuukamata mkono wa mpinzani. Mkono wangu wa kwapani unashika kifundo cha mkono wake wa upande huohuo, unausukuma kuelekea pajani, na mguu wangu wa juu unatoka kwenye ndoano na kupita juu ya mkono ule, ukaubana hapo. Anabaki na mkono mmoja wa kulinda shingo dhidi ya mikono yangu miwili. Siku ya kwanza ilipokubali, mwenzangu alisimamisha pambano, akautazama mkono wake ulionaswa, akasema, "Kaka, hebu rudia taratibu nione umeupitishaje." Tukarudia mpaka naye akaweza kunifanyia mimi.

Yapo matukio ambayo mgongo hauokoleki. Mabega yake yameshatua, ameanza kunigeukia, na kuendelea kushika ni kujichosha. Hapo mguu wangu wa juu, ambao tayari uko juu ya tumbo lake, unavuka mpaka godoroni upande wa pili, nami naufuata kwa kiwiliwili mpaka nimkalie kifuani. Sharti ni kuvuka yeye akiwa bado anageuka. Akishamaliza kugeuka, goti lake linakuwa katikati yetu na nafasi imefungwa.

Wageni wanaojiunga nasi, akiwemo kijana mmoja anayekuja kwa bodaboda kutoka Mikindani, nawaanzisha kwa zoezi lililonisaidia kuliko maelezo: aliye nyuma anashika fulana yake mwenyewe kwa mikono miwili, haruhusiwi kumgusa mwenzake kwa kiganja, na anatakiwa abaki mgongoni kwa miguu na kifua peke yake. Mwenye maumivu ya goti simruhusu kufunga pembetatu ya aina yoyote, ya kiuno wala ya paja, mpaka apone. Ndoano na goti la kuzuia zinamtosha kabisa kwa kipindi hicho.