U au O

Wete, usiku. Umeme umekatika tangu magharibi na simu ninayoandikia imebakisha chaji kidogo. Mikono inanuka karafuu hata baada ya kuoga.

Hii ni wiki ya pili tangu nirudi likizo. Karafuu zimekubali mwaka huu, kwa hiyo kila baada ya isha tunakaa kwenye majamvi tunachambua, karafuu huku, vikonyo kule. Kazi ni ya vidole tu, mdomo hauna shughuli, ndiyo maana habari zote za ukoo hutoka msimu huu. Safari hii habari ni mimi. "Sasa ukimaliza utakuwa nani?" Dada yangu anasoma uuguzi, yeye jibu lake fupi. Mimi nasoma Kiswahili na Kiarabu kule Unguja, na mwaka huu wa tatu nimezama kwenye tungo za kale zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, akapeta kidogo ungo wake, akasema, "Kumbe umerudi chuoni."

Alinikejeli, lakini hakukosea sana. Kwetu chuoni ni kwa maalimu, juzuu na bakora. Na watu wa kale walikiita chuo kitabu chenyewe. Utenzi wa Mwengo bin Athumani wa Pate, wa mwaka 1728, unaosimulia vita vya Tabuk dhidi ya Kaizari wa Rumi, hadi leo huitwa Chuo cha Herekali, na hapo chuo si pahala, ni kitabu. Neno limeanza kitabuni, likenda kwa maalimu, likaishia chuo kikuu. Nami nimelifuata nyuma nyuma.

Nilipoingia darasa lile nilijiona nimefika kabla ya wenzangu. Nimekhitimu nina miaka 11, herufi nazijua usingizini, hawa waliosoma skuli tu wataniweza wapi? Siku ya kwanza tukapewa nakala ya utenzi, mwalimu akaniambia nisome. Ubeti unawataja watu wema siku ya kiama. Nikasoma kwa sauti ya maulidi kwamba wataingizwa biboni.

Mwalimu akavua miwani. "Na korosho nani atabangua?"

Darasa zima likacheka, nami nikacheka nikiwa sielewi. Neno lilikuwa *peponi*. Herufi ya Kiarabu haina p, kwa hiyo be moja ndiyo ibebe b, p na mb. Fe ni f na pia v. Ghaini ni g, ni ng, ni ng'. Na irabu ndizo balaa: Kiarabu kina fat-ha, kasra na dhuma basi, tatu, sisi tunazo tano. Kasra inakuwa i au e, dhuma inakuwa u au o. Andika pepo, andika bibo, karatasini ni kitu kimoja. Baadaye wapo walioongeza nukta na alama ili kutenganisha sauti hizi, lakini wengi wa waandishi wa zamani hawakuona haja. Waliandika kwa ajili ya mtu ambaye utenzi tayari anao masikioni. Karatasi ilikuwa ya kumkumbusha tu.

Juu ya hapo ipo lugha yenyewe. Nyingi za tungo hizo ni za Kiamu na Kipate, ambako *mato* ni macho, *ndia* ni njia, na mtu *akiteka* hayuko kisimani, anacheka. Mizani inasaidia kiasi. Kwenye utenzi kila kipande kina mizani 8, ukipata 7 au 9 ujue umekosea pahala. Lakini bibo na pepo zote ni mizani mbili. Hapo huna pa kushika ila maana.

Nimeandika yote hayo ili nifike kwenye jambo la jana.

Ami alikuja na bati la biskuti la zamani. Ndani mna hati za mikarafuu, risiti, na barua moja iliyokunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Ni ya babu wa babu yake, alimwandikia ndugu yake aliyekuwa Unguja. Tarehe yake Rajabu 1310, nikapiga hesabu nikapata mwanzoni mwa mwaka 1893. "Si wewe unosoma hayo?" akasema. "Haya soma." Kwa mara ya kwanza tangu nianze masomo, nyumba nzima ikaacha kuchambua ikanitazama mimi. Nakiri nilivimba kichwa.

Mistari ya mwanzo ni salamu tupu, nikaimaliza kama maji. Kisha mvua, kisha deni la nguo, kisha: *yule mdogo wa Konde nimem...* Nikasita. Mim, dhuma, wau, ze. Nimemuuza. Au nimemuoza. Baada yake, *riale 20 nimezipokea*.

Ami akasema bila kufikiri kwamba ni ng'ombe, kamuuza. Mama akasema ng'ombe gani aitwe "yule mdogo wa Konde", huyo ni binti, kaozwa, na riale ni mahari. Wakabishana kwa raha kabisa, mmoja anatetea ng'ombe, mwingine bibi harusi, watoto wanacheka mpaka wanamwaga karafuu. Nami nikacheka. Ile u na o niliyoipigia kelele mwaka mzima imekuja kukaa ukumbini kwetu! Nikawaeleza habari ya dhuma, nikafaidi.

Sijui ni nani aliyeacha kucheka mwanzo. Nadhani ni ami. Alikuwa ametazama ile tarehe.

Mwaka 1893. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na amri ya Sultani Ali bin Said ya Agosti 1890 ilishakataza kuuza na kununua watu. Lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria hapa visiwani mpaka Aprili 1897, na mikarafuu ya Pemba ilikuwa ikichumwa na mikono ya nani miaka hiyo, hilo halihitaji mwalimu. Hakuna aliyelitamka neno. Shangazi akasema tu, "Sisi hatukuwa watu wa hivyo," akiwaambia vikonyo vilivyokuwa mbele yake.

"Sasa ipi?" ami akaniuliza. Aliniuliza kwa adabu, kama mtu anavyomuuliza daktari.

Nikaisogeza taa. Nikaangalia wino, nikaangalia kama aliandika dhuma mbili au moja, nikatafuta pahala pengine kwenye barua alipoandika neno la namna hiyo nilinganishe mkono wake. Halipo. Nikamwambia zote mbili zinasomeka, ami. Akaikunja kwenye mikunjo yake ile ile, akairudisha batini.

Likizo ikiisha ningependa niende nayo, niipeleke Nyaraka pale Kilimani nikailinganishe na barua nyingine za miaka hiyo. Sijathubutu kumuomba. Leo mchana kanipita uani akanisalimia vizuri, ila bati limehama pale lilipokuwa.

Bibi alidhaniwa kalala wakati wote ule. Tulipozima taa jana na mimi nikajilaza kitandani kwangu chumbani kwake, akaniita kwa sauti ya chini.

"Jina lake hakuliandika?"

"Hakuliandika, bibi."

Akageukia ukutani. Kwa muda mrefu nilimsikia yuko macho.